Shemeji, Maji Yamefika

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Orynsha Daribayeva, balozi, mbunge, binti wa mji wetu wa Kazaly. Ametutoka Jumanne akiwa na miaka sitini na minane. Ndiye aliyeturudishia maji ya mto Sir. Nalirudia hilo, maana watu ni wepesi wa kusahau. Maji mnayonyweshea mpunga wenu, aliyeyapigania ni mwanamke huyu.

Orynsha alizaa mtoto mmoja tu, Kuandyk, mwaka 1979. Mtoto alipotimiza siku arobaini, mama mkwe wake, Bi Katira, alimkumbatia kifuani akasema, "Huyu wa kwanza ni wangu." Ndiyo mila yetu, mjukuu wa kwanza ni mtoto wa bibi. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na sikufa. Orynsha alikuwa akisubiriwa masomoni Moscow, na mkamwana hambishii mama mkwe. Alipiga goti, akaondoka maziwa yakimvuja. Alidhani watafuata wengine. Hawakufuata.

Basi mtoto akakua akimwita bibi yake Mama. Baba yake mzazi, Temirgali, akamwita Kaka. Na mke wa kaka ni nani? Orynsha akaitwa Shemeji. Mji mzima ulijua ukweli, hata mtoto mwenyewe aliujua. Lakini ulimi ukishazoea, umezoea.

Huko kazini, Orynsha alikuwa moto wa kuotea mbali. Nchi yetu ilipojitenga na Moscow ikajitegemea, alitumwa kuzungumza na majirani wa juu ya mto, waliokuwa wakitufungia maji. Siku tatu hawasikii la mtu. Siku ya nne akawaandalia kichwa cha kondoo. Mnajua sikio hupewa nani: hupewa mtoto, ili ajifunze kuwasikia wakubwa. Orynsha alilikata sikio lile, akamwekea mkuu wa wageni, bwana mzima mwenye mvi. "Kula, kaka," alimwambia. "Labda leo utasikia." Kisha yule bwana akaangua kicheko, akalila. Wiki ile ile mkataba ukatiwa saini.

Mwaka uliofuata aliteuliwa balozi Ulaya. Kabla ya kusafiri alikuja Kazaly na pasipoti ya Kuandyk mkobani. Kijana alikuwa na miaka kumi na minne. Bi Katira alikuwa akikanda unga, na hakuinua uso.

"Mama, nimemletea Kuandyk pasipoti."

"Ya kwenda wapi?"

"Ya kwenda na mimi."

"Mkamwana, mtoto si mwavuli, umsahau kwa watu kisha uje kumdai mvua ikinyesha."

"Sikumsahau, Mama. Ulimchukua."

"Na wewe ulimtoa. Mbona siku ile hukusema?"

Orynsha aliitoa pasipoti mkobani. Kuandyk akaingia, viatu vimejaa matope. "Shemeji! Safari hii umeniletea nini?" Alipoonyeshwa pasipoti, alicheka. "Niende Ulaya, na Mama nimwachie nani? Ngamia atakamuliwa na nani, wewe balozi?"

Wasikilizaji, mwanamke aliyemlisha mkubwa wa watu sikio la kondoo alisimama jikoni kwa mama mkwe wake, hana la kusema. Aliiacha pasipoti juu ya meza ya unga, akapiga goti, akatoka. Mumewe, mzee Temirgali, ametuambia hivi: "Mbele ya mawaziri mke wangu alipiga meza. Mbele ya mama yangu aliosha vyombo. Nami nilikaa kimya kati yao. Hilo nitakufa nalo."

Alirudi, akawa mbunge miaka tisa. Kuandyk alisomea uhandisi, leo ndiye msimamizi wa malango ya maji hapa mtoni. Kila majira ya kuchipua, mto ukijaa kama mkataba ulivyosema, alimpigia simu: "Shemeji, maji yamefika." Orynsha aliisubiri simu hiyo mwaka mzima. Mwaka huu ilimkuta hospitalini. Alikata simu, akamwambia mumewe, "Maji yamefika. Neno lile lingine halijafika."

Jana tulimzika. Mnajua wanaume wafiwa hupanga mstari mlangoni na fimbo zao, kila mmoja akimlilia marehemu kwa jina la undugu wao. Wana husimama mbele. Kuandyk alichukua fimbo yake, akaenda kusimama nyuma, na mashemeji.

Bi Katira ana miaka tisini. Alitoka nje akiburura miguu.

"Toka huko. Nenda mbele."

"Mama, mahali pangu ni hapa."

"Mahali pako nilipachukua mimi. Nenda mbele ukamlilie mama yako. Mimi bado nipo hai."

Akaenda mbele. Mtu mzima wa miaka arobaini na miwili. Wageni walipokaribia, alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa, "Ewe shemeji yangu!" Akajaribu tena. Jina halikuja. Mara ya tatu likatoka lile lile, shemeji, shemeji, naye akalilia fimbo yake kama mtoto mdogo. Bi Katira aliziba uso kwa kilemba chake. Nilikuwepo, wasikilizaji, na sote tulikuwa tumesimama tu, hakuna aliyejua la kumsaidia.

Sisi wa redio hii tunatoa pole kwa mzee Temirgali. Pole kwa Bi Katira. Na pole kwa Kuandyk, mwana wa Orynsha. Narudia: mwana wa Orynsha.

Sina fundisho la kuwapa leo. Mila sikuitunga mimi, wala sina uwezo wa kuitengua. Ila kama yupo mtu nyumbani mwako unayemwita kwa jina lisilo lake, zima redio uende ukamwite sasa, angali anaweza kuitika.