Ellsworth Tarpley, Aliyetoka Meza ya Mbele Akapanga Foleni

Mchungaji wetu, ndugu, majirani, na ninyi mlioapa kwamba msiba huu hamtaukanyaga na leo mmewahi viti vya mbele, familia inawashukuru kwa kufika, nasi tunawasomea maisha ya mpendwa wetu kama yalivyokuwa, kwa kuwa aliyeyaandika ni binti yake Rosalind, naye amekataa katakata tumpake marehemu sukari.

Marehemu Ellsworth Tarpley alizaliwa tarehe 9 Februari 1941 karibu na Yazoo City, Mississippi, mtoto wa nne wa mzee Amos na mama Lutie, waliolima pamba katika shamba lisilo lao, na mwaka 1949 familia ikahamia hapa Corbin Mills, Ohio, ambako alisoma shule ya msingi ya Mtaa wa Vine, kisha sekondari, akahitimu Juni 1959 na mwaka huohuo akaanza kufagia kiwanda cha matairi.

Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa na Idella Rucker katika kanisa hili, wakajaliwa mtoto mmoja, Rosalind, mwaka 1967, ambaye ni mwalimu, na mwaka 1971 marehemu aliacha kiwanda akafungua duka la vifaa vya ujenzi, ambamo wengi wenu mlinunua misumari mkatoka na mahubiri, maana hakumrudishia mteja chenji bila kumwambia ajitegemee.

Mwaka 1984 alianza kuitwa redioni, kisha kwenye vikao vya baraza la mji, kama mhafidhina mweusi wa hapa kwetu, akisema ubaguzi ulibaki Mississippi walikoutoroka wazazi wake, na kwamba mweusi asiye na kazi hajaamka mapema, basi kule akapigiwa makofi na huku mtaani akanuniwa, na tuseme ukweli, maneno yale yaliuma sana, kwani wamo humu ndani walioamka alfajiri maisha yao yote na kazi wasipewe.

Tarehe 14 Machi 1995 baraza lilijadili kufuta mpango wa kuwatengea makandarasi weusi sehemu ya kazi za mji, marehemu akaketi meza ya mbele ya waalikwa, glasi ya maji mbele yake, akaunga mkono ufutwe, huku wananchi wengine wakipanga foleni kwenye kipaza sauti kimoja, dakika tatu kila mtu, na zamu ya Rosalind ilipofika hakuwatazama madiwani, alimtazama baba yake.

"Baba, hawakuiti kwa sababu una akili, ingawa unazo," alisema. "Wanakuita kwa sababu ukisema wewe, wao hawahitaji kusema. Siku ukiwa na jambo letu la kusema, tuone kama watakupa hiyo glasi ya maji."

"Kaa chini, mtoto," marehemu alimjibu mbele ya watu wote, mpango ukafutwa, na tangu jioni ile Rosalind hakukanyaga tena nyumbani kwao, ikawa mama Idella anampelekea chakula kwa bakuli, akirudi anamwambia mumewe, "Una redio nzima ya kukusikiliza, lakini mezani tumebaki wawili."

Septemba 2012 baraza lilitaka kufunga kituo cha kupigia kura kilichomo katika ukumbi wa kanisa hili, wazee wetu wakapige kura ng'ambo ya mto kusikofika basi, na marehemu, ambaye baba yake, aliyenyimwa kura kule Mississippi kwa weusi wake, alipiga kura yake ya kwanza humuhumu akiwa na mvi kichwa kizima, alipiga simu redioni kuomba nafasi ya kusema, wakamjibu kwa adabu kabisa, "Hiyo mada haikufai, mzee wetu, tutakutafuta ikitokea nyingine," na mama Idella alipomkuta ameketi jikoni bado kashika simu, akamuuliza kuna nini, alijibu tu, "Ile glasi ya maji."

Tarehe 25 mwezi huo aliingia barazani na koti lake lilelile, akaipita meza ya mbele, akapanga foleni nyuma ya Rosalind, na binti alipomaliza kusema hakurudi kitini, alisimama pembeni amsikie.

"Mimi ni Ellsworth Tarpley wa Mtaa wa Vine," alisema marehemu. "Aliyenitangulia ni binti yangu. Alisema kweli mwaka ule, nami nikamwambia akae chini. Leo pia amesema kweli. Dakika zangu zilizobaki mpeni yeye."

Kituo kipo hadi leo, lakini asitoke mtu hapa akasema mzee aligeuka, hakugeuka, chama chake hakukihama na mahubiri ya kujitegemea hakuyaacha, ila Rosalind alirudi kula nyumbani kila Jumapili, wakabishana mpaka mchuzi unapoa, na mama Idella anasema hajawahi kufurahia kelele kiasi kile.

Februari 2017 alianza kusumbuliwa na moyo, na tarehe 6 Novemba 2018 Rosalind alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukumbini, wakapiga kura, kila mmoja akijua fika kwamba yake inaifuta ya mwenzake, wakatoka wanacheka, na tarehe 11 akafariki hospitalini, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipowahutubia kitandani, majirani mlioleta kuku na mboga bila kuulizwa mko upande gani, wafanyakazi wa dukani, na kwa namna ya pekee ninyi mliompinga usoni mwake, maana mlimhesabu kuwa wenu.

Muda si mrefu tutapanga foleni kumuaga, na Rosalind ameomba asimame wa kwanza nyuma ya jeneza. Mzee Tarpley, leo umetangulia wewe, na binti yako yuko nyuma yako. Pumzika, Baba Rosalind, amani iwe nawe.