Papa Nzabandora Anatoka Bila Mtamba

Tarehe 31 Desemba 1958, Papa Nzabandora anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika kituo chetu cha kuku hapa juu Masisi. Mkuu wa kituo amenitaka mimi, Straton, mwasha taa za mashine ya kutotolea, niandike maneno machache ya furaha kwenye karatasi ya sherehe. Maneno yapo. Furaha nitaitafuta njiani.

Aliajiriwa mwaka 1939 akapewa chumba cha vifaranga, na hakuhamishwa tena. Kazi yake ilikuwa kinywaji cha kwanza. Kifaranga akishatoka katika yai na manyoya yakakauka, kabla hajaonja punje hata moja, hunyweshwa maji ya uvuguvugu yenye sukari na chumvi kidogo. Nzabandora aliwashika mmoja mmoja, akachovya mdomo bakulini, akangoja mpaka kifaranga ameze na kuinua kichwa. Ndani ya kila bakuli alipanga kokoto za mtoni ili mdogo asizame.

Alikuwa mkali, tusidanganyane. Ukiacha mlango wazi baridi ya mlima ikaingia, ulitukanwa kwa Kinyarwanda mpaka uufunge. Maji yote aliyaonja mwenyewe kwanza, nasi tukamtania kwamba yeye ndiye kifaranga mkubwa wa kituo. Kwao ni watu wa ng'ombe, kwa hiyo vifaranga aliwaita kwa majina ya ng'ombe wa baba yake: huyu Gaju, yule Bihogo. Kuku mwenyewe hajawahi kumla, wala yai lake. Nyumbani kwao hicho si chakula cha mtu mzima mwenye heshima zake.

Mwaka 1943 vita vya Wazungu vilikuwa vimefunga njia. Sukari haikufika, wala mafuta ya samaki tuliyozoea kuwapa. Vifaranga wakaanza kufa, tukawa tunawafagia kila asubuhi. Bwana Mkubwa wa wakati ule alikuwa amesoma mahali kwamba maziwa yanayobaki baada ya kusukwa siagi, yakichanganywa na maji, huwatia vifaranga nguvu. Lakini wafugaji wa vilimani waliposikia kwamba maziwa ni ya kuku, walikataa kuuza, wakiamini kwamba ng'ombe wao watakauka. Hapo Bwana Mkubwa akamgeukia Nzabandora mbele yetu sote, akamwahidi kwamba akileta maziwa kutoka kwao, siku ya kustaafu atatoka hapa akiswaga mtamba wake, ng'ombe jike mchanga ambaye hajazaa. Tuliosikia wengi tupo bado, na masikio yetu ni mazima.

Baba yake, Mzee Sebarenzi, aliombwa akakataa. Mama yake, Mukarugwiza, hakuweza kumkatalia mwanawe. Kiangazi kizima alimpa kibuyu cha maziwa alichokificha kikapuni chini ya viazi. Vifaranga wakasimama, wakaota mbawa, wakapakiwa kwenye lori mpaka Walikale, kwenye meza za Wazungu wa migodi. Kituo kikasifiwa na Bwana Mkubwa akavishwa nishani.

Kisha ng'ombe bora wa mzee akakauka maziwa, na mzee akagundua habari ya kibuyu. Alisimama langoni mwa ua wake, lupango kama anavyouita, mwanawe akiwa nje, akasema maneno ambayo Nzabandora alitusimulia mara moja tu: "Maziwa iko ya batoto na ya bageni. Kuku inakunywa mayi. Umekausha ng'ombe yangu. Siku utaniletea ingine, njo utaingia mu hii lupango. Bila ng'ombe, usifike."

Tangu siku hiyo hakufika. Katekista alipanda kumwombea msamaha kila Pasaka. Mzee alimkaribisha, akamnywesha maziwa, akamrudisha na jibu lile lile. Mama Mukarugwiza alipofariki mwaka 1951, Nzabandora alisimama nje ya ua akinyeshewa, akasikiliza mazishi ya mama yake kupitia matete. Tulikwenda naye, tukasimama naye. Kesho yake alikuwa kazini anapasha maji. Watoto wake wote wamezaliwa hapa kambini, wala hawajakanyaga ua wa babu yao. Kila tulipomwonea huruma alitujibu kwamba ni suala la kungoja tu, maana mtamba wake yupo.

Mwaka 1955 ukaja unga wa vitamini katika makopo. Kijiko kimoja kwa ndoo ya maji, kazi imekwisha. Bwana Mkubwa wa kwanza alikuwa amesharudi Ulaya. Mkuu mpya alitukusanya akatueleza kwamba maziwa yalikuwa makosa tangu mwanzo, kwa kuwa huchacha bakulini na kuwaharisha vifaranga. Nzabandora alikuwa mstari wa mbele, amevua kofia. Alikwenda kuosha mabakuli. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na hasira hiyo haijapoa hata leo ninapoandika.

Mwezi uliopita tulikwenda baadhi yetu kumkumbusha mkuu habari ya mtamba. Alitusikiliza vizuri, kisha akasema aliyeahidi ameondoka na ahadi yake. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakutuambia nani hulipa, mdeni akishapanda meli. Badala ya mtamba, kituo kinamzawadia Papa Nzabandora matetea sita na jogoo mmoja, weupe, wa mbegu ya kizungu, aliowanywesha kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba ya kambi anairudisha siku hiyo hiyo, wala hana pengine pa kwenda ila kwao. Yaani mtu aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya kuku anatakiwa apande kilima kwa baba yake, ambaye yu hai na hajabadili neno, akiwa amebeba kikapu cha kuku.

Hapo sisi wenzake tumekataa. Kuku hao hawavuki geti la kituo. Mama Emérita wa jikoni ameshateka maji ya kuwanyonyolea, na hotuba zikiisha tutawala sisi, wote saba. Nyama itakuwa chungu, lakini tutaimaliza. Papa hatagusa, tunamjua. Yeye amewekewa kasiksi yake, pombe ya ndizi. Wanasema mkono mtupu haulambwi, na ni kweli. Ila pale langoni kwa Mzee Sebarenzi, mkono mtupu una nafuu kuliko mkono ulioshika kuku. Hatuna ng'ombe wa kukupa, Papa. Tulichoweza ni kukunyang'anya zawadi.

Asante kwa kila mdomo uliouchovya majini ukangoja umeze. Asante hata kwa matusi ya mlangoni, maana chumba kile kitakuwa na baridi sasa. Kilima unakijua. Ukifika, piga hodi kwa jina alilokupa mama yako, usiseme ulikuwa unafanya kazi gani. Tunakutakia baba afungue.