Mawe ya Istar na Ngamia Ambaye Hakupotea

Mheshimiwa mgeni wa heshima, uliyekubali kuja kukaa nasi huku ambako hema ni lako na jua ni letu, Ndugu Abdirahim, Mwenyekiti wa Kamati ya Vivutio, wazee wetu mlioketi mbele, na wazee wetu mliostahili kuketi mbele lakini viti vikawahiwa na walinzi, kina mama, ndugu wageni waalikwa kutoka Nairobi, na ndugu zangu msioalikwa mliofuata harufu ya pilau: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi naitwa Kerrow. Kazi yangu ni kuziba matairi mjini Garissa, na shule yangu kubwa imekuwa ni kuwasikiliza wenye magari wakati wanangoja. Leo nimepewa nafasi ya kutoa neno la shukrani. Nimeambiwa niwe mfupi, nitumie Kiswahili kwa ajili ya wageni, na nisimuudhi mtu. Kiswahili nitajitahidi. Hayo mengine mawili, Mungu ndiye mwenye kujua.

Tumekusanyika hapa, nje kidogo ya Sangailu, kufungua njia ya matembezi na eneo la kihistoria la Taalo Istar. Taalo, kwa faida ya wageni wetu, ni lundo la mawe lililopangwa juu ya kaburi. Geti mmeliona. Bango mmeliona. Njia iliyopakwa chokaa pembeni mmeiona, tena wengine mmeikanyaga chokaa na viatu vimebadilika rangi. Kama lundo lenyewe la mawe hamjaliona, msilaumu macho yenu. Tutafika huko.

Kwanza tujipongeze. Nani anasema watu wa huku hatupendi kutalii? Kijana wetu anapanda basi mpaka Mombasa, analipa apandishwe juu ya ngamia kule ufukweni, anapiga picha, anamtumia babake. Baba anaipokea picha hiyo akiwa anakamua ngamia. Anaitazama, anatikisa kichwa, anasema, "Huyu ngamia amekonda." Basi. Huo ndio utalii wetu. Binti yangu Ifrah anaweza kuwatajia milima ya Uswisi mmoja baada ya mwingine, lakini nilipomuuliza Istar ni nani, akaniambia ni yule jirani anayeuza sambusa.

Kwa sababu hiyo, mimi na wenzangu wachache tulianzisha kikundi cha matembezi. Kila Jumamosi tunachagua sehemu isiyo na jina kwenye ramani, tunakwenda kwa miguu kuiona. Mke wangu Ayan aliposikia, alisimama mlangoni akashika kiuno. "Gari unalo, pikipiki unayo. Hiyo miguu unaipeleka wapi?" Nikamwambia tunakwenda kutembea. "Kutembea kwenda kwa nani?" Hatuendi kwa mtu, nikamwambia, ni kutembea tu. Akaniombea dua, kisha akampigia simu mama yake.

Na Ayan hakukosea, ndugu zangu. Huku kwetu mtu hatembei bure. Ukimwona mtu juani kwa miguu, mbali na barabara, akitazama huku na huku, jambo ni moja tu: amepoteza ngamia. Na ukimwona aliyepoteza ngamia, adabu pia ni moja tu: unaacha yako, unamtafutia.

Safari yetu ya kwanza kuja pande hizi, gari tumeliacha barabarani, tulikutana na mchungaji mmoja, Salah, yule pale nyuma mwenye kilemba cha njano, usijifiche, abti, mjomba wangu. Alitusimamisha kwa mbali.

"Waryaa! Wa rangi gani?"

"Nini wa rangi gani?"

"Ngamia."

"Hatujapoteza ngamia."

"Mbuzi?"

"Hapana."

"Kuna harusi mnakwenda?"

"Hakuna."

"Mgonjwa?"

"Hapana, abti, tunatembea tu. Tunaangalia nchi."

Salah akatutazama kwa huruma, kama daktari anayejua ugonjwa lakini hataki kuusema. "Basi," akasema, "waliopotea ni nyinyi."

Hakutuacha. Alifikiri tunaona aibu. Mwanamume mzima kupoteza ngamia si jambo la kutangaza, na mwenye aibu unamsaidia bila kumlazimisha kukiri. Akawapigia kaka zake mluzi. Nao wakawaita shemeji zao. Jua lilipofika utosini tulikuwa msafara, watu wazima wameinama wakisoma nyayo mchangani, kila mmoja na maoni yake. Mmoja aliapa kwamba ngamia wetu ni jike na anachechemea mguu wa nyuma. Mimi nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Wewe mwenyewe hujui? Ndiyo maana alikukimbia." Wiki moja baadaye nikiwa dukani nilipigiwa simu kutoka Kutulo, kule Mandera, na mtu nisiyemjua: "Ngamia wako ameonekana. Njoo na kamba."

Mheshimiwa, ngamia huyo ambaye hakupotea ndiye aliyetuleta mahali hapa. Salah alifuata nyayo zisizokuwepo mpaka akafika kwenye lundo la mawe lililokuwa refu kuliko mtu. Akasahau ngamia. Akaenda kwa punda wake, akachomoa katikati ya mizigo jiwe lenye ukubwa wa mkate, akaliweka juu ya mengine, akasoma Fatiha.

Tazameni chini, wageni wetu. Mnaona nini? Mchanga. Tazameni kule. Mchanga. Ukanda huu, ukitaka kumtisha fisi, unamrushia kiatu, kwa maana jiwe la kumrushia huna. Sasa jiulizeni: lundo refu kuliko mtu, katika nchi isiyo na mawe, lilitoka wapi?

Istar alikuwa mwanamke aliyekuwa na kisima hapa, kisima ambacho siku hizi kimejaa mchanga. Ulikuja ukame ambao wazee wetu wanausimulia mpaka leo kwa sauti ya chini. Watu wakawa wanaanguka njiani. Istar akamnywesha kila aliyefika: wa ukoo wake, wasio wa ukoo wake, na hata wale waliokuwa na kisasi cha damu baina yao na kaka zake. Kaka zake wakamjia juu. Inasemekana aliwajibu, "Kiu yake haijaniambia jina la babake." Malipo hakupokea, si kondoo, si kitambaa. Alipokufa, wale waliokunywa wakarudi, kila mmoja na jiwe alilolibeba kutoka kwao. Wengine walilitoa Wajir, kwa miguu. Wakafuata watoto wao, wakafuata wajukuu. Wanaume wanaweka jiwe, wanawake wanaweka tawi bichi. Kwa hiyo lile halikuwa lundo tu. Kila jiwe lilikuwa mtu aliyefika hapa akifa kwa kiu, akaondoka na uhai wake na wa kizazi chake.

Habari hizi ziliifikia Kamati ya Vivutio, nayo ikafurahi sana, na mimi nawashukuru kwa furaha yao. Kamati haikukurupuka. Ilikwenda kwanza safari ya mafunzo. Ilikwenda pwani kujifunza jinsi ya kutunza jangwa. Ilikwenda ziwani kujifunza jinsi ya kutunza mchanga. Huku Sangailu haikufika, maana Sangailu hakuna hoteli ya kujifunzia. Wakarudi na uamuzi mmoja mzito: pahali pa historia lazima pawe na geti. Bila geti, aliuliza mjumbe mmoja, watu watajuaje kwamba wamefika? Swali zuri. Waliomzika Istar hawakulifikiria kabisa.

Akaja mkandarasi. Geti la heshima linataka mawe, na mawe, kama nilivyosema, huku hayapo. Lakini Mungu ni mkarimu, kwani pale pale, hatua chache tu kutoka kwenye msingi, akayakuta yamekwisha kukusanywa, yamekwisha kupangwa, wala hayana mlinzi. Fundi gani angeyakataa? Lori lililokuwa lilete mawe kutoka mbali likapumzika. Lilipumzikia wapi, sikuuliza. Mimi ni mtu wa matairi, najua lori nalo huchoka.

Geti likakamilika. Ndugu Mwenyekiti akaja kulikagua, na kikundi chetu tukaalikwa. Abdirahim, kaka yangu, nisamehe, lakini lazima niseme, maana nilikuwa karibu yako. Ulilizunguka geti, ukalipigapiga kwa kiganja, ukasema, "Kazi safi." Kisha ukaangaza macho kwenye mchanga wote huu, ukauliza, "Sasa kaburi liko wapi?"

Fundi akamtazama msimamizi. Msimamizi akaitazama ramani. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

Hapo ndipo alipofika Ayeyo Muslimo, bibi yetu huyu aliyeketi mstari wa tatu, kitukuu wa Istar, na tawi lake mkononi kama anavyokuja kila baada ya mvua. Alitupita sote bila salamu, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake. Akaweka kiganja juu ya nguzo ya geti. Na kwa sababu msimamizi hajui Kisomali, akakusanya Kiswahili chake chote alicho nacho.

"Hii ndio yeye."

"Nani, mama?"

"Istar. Yeye alikuwa nalala. Nyinyi nasimamisha."

Msimamizi akaikunja ramani yake.

Ayeyo aliomba kitu kimoja: mawe yarudi yalikotoka. Akaonyeshwa bango. Lisomeni, wageni wetu, limeandikwa kwa herufi nzuri: "Ni marufuku kugusa, kuhamisha au kuondoa jiwe lolote la eneo hili." Limepigiliwa misumari ndani ya mawe hayo hayo. "Mama," akaambiwa, "sheria ni sheria." Sheria nzuri sana, mimi naiunga mkono. Kasoro yake ni kwamba ilifika baada ya mkandarasi. Tangu siku hiyo Ayeyo huliweka tawi lake chini ya geti, na mlinzi hulifagia, kwa kuwa ameagizwa pawe safi kwa ajili ya siku ya leo.

Wapo watakaosema nakejeli. Sikejeli. Naisifu kamati kwa dhati. Wengine hujenga geti wakasahau pahali; nyinyi mmepaingiza pahali penyewe ndani ya geti. Ni eneo gani jingine duniani ambapo mgeni anaiona historia yote bila kushuka garini?

Lakini nimefafanuliwa na Ndugu Mwenyekiti, kwa upole wake, kwamba utepe huu ukishakatwa, geti litaingizwa rasmi katika mali ya umma, na atakayegusa jiwe lake atakuwa na kesi. Kwa hiyo jambo la leo, Mheshimiwa, si dogo kama mkasi uliolazwa juu ya mto ule mwekundu. Mkasi ule ukifunga meno yake, Istar atasimama hivi hivi mpaka Kiyama, na Ayeyo Muslimo atazikwa akiwa anadaiwa tawi.

Nani kati yetu atalala kwa raha? Wewe, mzee wa mbele, ambaye babu yako alikunywa hapa? Wewe, mjumbe, ambaye nasaba yako wewe mwenyewe hunisimulia ukija kuzibiwa tairi, na ndani ya nasaba hiyo yumo mtu mmoja aliyelazwa mbele ya kisima hiki akiwa hajitambui? Jiwe lake limo kwenye hiyo nguzo. Pengine ndilo lililopigiliwa msumari.

Mheshimiwa, sikuombi fedha. Sikuombi uunde kamati ya kuichunguza kamati, maana nayo itataka safari ya mafunzo. Naomba mkasi ulale. Pale penye mchanga uliobonyea, nyuma ya spika, ndipo kaburi lilipo. Si mbali hata kwa mgeni wa viatu vya ngozi. Bango linakataza kuliondoa jiwe katika eneo hili. Kulirudisha pake, nimelisoma juu chini, halikatazi.

Na kama mnajiuliza mawe yatang'olewaje, nina habari njema. Siku zote nimewalaani mafundi wanaobana saruji. Leo namshukuru wetu kwa moyo wangu wote. Yanatoka kwa mkono. Hili hapa nimelitoa asubuhi. Nimelilaza juu ya karatasi zangu tangu nianze kuongea, nanyi mlidhani ni la kuzuia upepo.

Salah, abti, simama. Simameni, wewe na kaka zako. Ndugu wageni, watazameni watu hawa. Kutwa nzima walimtafuta ngamia ambaye hakuwepo, wa mtu wasiyemjua, bila kuombwa na bila malipo, kwa kuwa walidhani jirani yao amepotelewa. Leo aliyepotelewa tunamjua jina. Tunajua amekaa mstari gani. Ana tawi mkononi tangu asubuhi, na nyinyi mlidhani ni la kufukuzia nzi.

Mheshimiwa, jiwe la kwanza ni lako. Pokea, si zito. La pili nadhani Ndugu Abdirahim atalitaka yeye mwenyewe. Mimi nitafuata nyuma yenu, kisha wazee, kisha kila mwenye mkono mzima, na Ayeyo atakuwa wa mwisho, kwa sababu tawi huwekwa juu.

Masikio yenu mmenipa, nayashukuru. Sasa naomba mikono.