Koliflawa ya Mwisho ya Eliakunda

Enzi za Mwingereza, Kassimu aliuza kahawa karibu na stesheni ya Same, na kwenye benchi lake kila mtu alileta neno. Asubuhi ile mimi nilileta koliflawa, mboga ya misheni, ndugu ya kabichi, yenye kichwa cheupe kilichofumbana. Mke wangu Eliakunda aliipanda kwetu Chome, huko milimani, Bwana akamwita kabla haijakomaa. Shambani ilibaki hiyo moja. Nilitamani kuila kama alivyoipika yeye, lakini sikuwahi kumuuliza anaipikaje.

— Mzee Tumainieli, hiyo ni tui tu, alisema Kassimu, mtu wa Tanga. Kaanga kitunguu, mimina tui jepesi, ikilainika malizia na zito.

— Nazi Chome? alicheka Naftali, mchochea moto wa garimoshi, tuliyemwita Injini. Ile ni ya mvuke. Funika sufuria, weka jiwe juu, ngoja ipige filimbi.

— Sufuria yako inakwenda Moshi? aliuliza Kassimu.

Hezroni tulimwita Mithali.

— Haraka haraka haina baraka, alisema. Kwa hiyo ikaange upesi, kwa mafuta ya kondoo, mpaka iwe kahawia.

— Methali yako inakukana, Mithali, alisema Injini.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kondoo ndiye mgeni.

— Mimi nilikula kwa marehemu, alisema Injini. Aliivunjavunja ndani ya makande, akatia maziwa mgando. Na kuni ziwe za msitu wa Shengena. Kwa kuni nyingine haiivi, hata uombe.

— Mfalme wa Waingereza anaila kwa maji na chumvi, alisema Kassimu. Ndiyo maana amenuna kwenye shilingi.

Nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja treni, na mkungu wake wa ndizi miguuni, alikuwa akitusikiliza. Akasogea.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, baba. Na mama mwenyewe, aliipenda ipikwe vipi?

Injini akamtazama Mithali. Mithali akanitazama mimi.

Kila jioni chakula changu kililetwa barazani kimefunikwa. Nilimshukuru Mungu, nikala. Yeye alikula jikoni, baada yangu, pamoja na watoto. Tulizeeka hivyo, na sikuwahi kumwona mke wangu akitia tonge kinywani.

— Sijui, mwanangu, nikasema.