Kuni Zilizomlilia Nestori Mara Mbili

Padre, mwenyekiti wa kijiji, wanakwaya, ndugu mliotoka Kabungu, Kasansa na Mpanda mjini, na nyie majirani mlioacha mashamba yenu tangu juzi, familia inawasomea maisha ya ndugu yetu Nestori Gabrieli, na inaomba msikilize hadi mwisho, kwa sababu kuna maneno yanayopita chinichini kwenye mabenchi haya, kwamba Nestori ameuawa na filamu yake mwenyewe, na maneno hayo tutayajibu hapahapa mbele ya jeneza lake, hatutayajibu vichochoroni.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1981 hapa Litapunga, wakati huo ikiwa Wilaya ya Mpanda katika Mkoa wa Rukwa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Gabrieli, aliyetangulia mwaka 2006, na mama Gaudiose, huyu aliyeketi mbele yetu, ambao walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa na sufuria moja na jembe lisilo na mpini, wakafyeka pori, wakapanda mahindi na tumbaku, wakaita mahali hapa kwao kabla karatasi yoyote haijasema hivyo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1989 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1995, na hakuendelea na sekondari, kwani mwaka huo baba yake aliumia mguu na tumbaku ilikuwa shambani, hivyo akaingia kwenye kazi ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku ambayo moto wake haupaswi kuzimika, na hapo ndipo alipojifunza kuni, zipi zinatoa moshi, zipi zinashika moto taratibu na zipi zinakaa miaka bila kuliwa na mchwa, elimu ambayo mtaona baadaye ilimfaa nini.

Mwaka 2003 alihamia Mpanda mjini, akaajiriwa na Bwana Deusdedit, ambaye yupo nasi, katika banda lake la video karibu na stesheni ya reli, kwanza kuwasha jenereta na kufagia, kisha, siku moja mtafsiri alipokosekana na watu wakaanza kupiga miluzi, akashika maikrofoni na kuwaeleza watazamaji filamu iliyokuwa katika lugha asiyoijua hata neno moja, akisoma nyuso za waigizaji tu, na banda likatulia. Tangu siku hiyo watu walikuwa wakiuliza mlangoni, "Leo anasema Nestori?" na wakiambiwa siye, baadhi walirudi nyumbani. Bwana Deusdedit anasema alikuwa na kasoro moja, kwamba pale filamu ilipofika kwenye kilio yeye alinyamaza kabisa, na alipogombezwa kwamba watu wanataka kuelezwa, alijibu, "Bosi, kulia kunahitaji mtafsiri?"

Tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa takatifu na Bi Aurélie katika parokia yetu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Emelyne aliyezaliwa mwaka 2009, Arcade mwaka 2012, na Kelvin mwaka 2017. Mwishoni mwa mwaka 2009 alirudi Litapunga, akajenga banda lake la video la udongo na bati, na mwaka 2013 akanunua kamera, akawa anapiga picha za harusi, komunio na mahafali, na ni yeye aliyewapiga picha wazee wetu siku walipopewa vyeti vya uraia, akiwemo mama yake, ambaye alikishika cheti juu chini, na Nestori akakataa kumgeuzia, akasema mama amekishika anavyotaka.

Sasa tunafika kwenye filamu.

Tarehe 3 Julai 2021, msimu wa tumbaku ukiwa umekwisha, marehemu alianza kupiga filamu yake ya kwanza na ya pekee, aliyoiita *Jirani wa Ng'ambo ya Kijito*, inayohusu mkulima wa hapa na mfugaji wa Kisukuma ambao, ng'ombe wa mfugaji walipoingia kwenye mahindi ya mkulima, waliacha kusalimiana, hadi siku mkulima alipofariki na mtu wa kwanza kufika na mzigo wa kuni begani akawa ni yule mfugaji. Sehemu ya mfugaji ilichezwa na Bwana Masalu, mfugaji kweli, aliyesema hawezi kuigiza lakini kukasirika anaweza, na sehemu ya mkulima ilikuwa ya Mwalimu Fredrick, ambaye alicheza vizuri sana hadi siku ya kulala kwenye mkeka wa msiba, siku hiyo akakunja mikono na kusema, "Nestori ndugu yangu, mimi nina watoto, kwa huo mkeka tafuta mtu mwingine," na Nestori, ambaye pia alikuwa na watoto, akavua viatu, akalala, akafunikwa shuka nyeupe hadi usoni ili kamera isione kwamba mtu amebadilika.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe 19 Agosti 2021, katika uwanja huuhuu mnaoukalia. Mabenchi yalipangwa, moto ukakokwa, wanakwaya wakaombwa kulia kidogo, lakini wanakwaya wetu hawajui kulia kidogo, na hakuna aliyekumbuka kwamba sauti ya kilio katika kijiji chetu haiulizwi, mtu akiisikia anaacha jembe, anapitia nyumbani kuchukua kuni na unga, anakuja. Basi watu wakaanza kuingia. Wakaingia wa mtaa wa kanisani, wakaingia wa ng'ambo ya kijito, wakatua kuni zao ukutani, wakavua kofia, wakaketi bila kuuliza, na mpiga kamera akawaona hawapo kwenye mpango lakini akaogopa kusimamisha, akaendelea kupiga, huku marehemu akiwa chini ya shuka anasikia nyayo nyingi kuliko alizopanga.

Mama Nyanzala, mama mzazi wa Bwana Masalu, aliketi karibu na mkeka, akaweka mkono juu ya shuka, akamwambia maiti kwamba ana deni lake la salamu, kwamba mwaka ule ng'ombe walipoingia mahindini yeye alimwona Nestori njiani akageuza uso, na sasa ataugeuzia wapi tena, akalia machozi ya kweli, kwani kisa cha ng'ombe wa kwenye filamu kilitokana na ng'ombe wa kwake walioingia kweli kwenye mahindi ya Nestori. Nestori alivumilia hadi hapo. Aliketi, shuka ikaanguka, akamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, nipo," na uwanja mzima ukakimbia, wengine wakapitia juu ya mabenchi, isipokuwa Mama Nyanzala, ambaye hakukimbia, alivua ndala akampiga nayo mabegani akisema, "Mjinga wewe! Machozi yangu yote haya, nitayarudishia wapi?"

Watu walicheka baadaye, lakini si siku hiyo. Wazee walikaa, wakasema kuni zikishatuliwa msibani hazibebwi kurudi nyumbani, na hapakuwa na msiba wa kuzipikia, kwa hiyo zikabaki ukutani, hakuna aliyethubutu kuchemshia hata chai. Marehemu aliwaomba radhi nyumba kwa nyumba, akala chakula nyumbani kwa Mama Nyanzala na kusalimiana naye upya, kisha akaziinua kuni zile juu ya matofali, akazifunika bati, na kila mwaka baada ya mvua alizigeuza zisioze. Mkewe alipomuuliza anazitunzia nini, alisema ni za watu, hajui bado zitawarudiaje.

Filamu ilipokamilika kuhaririwa, Mei 2022, aliipeleka ikakaguliwa, ikapata kibali cha kuonyeshwa kwa watu wa rika zote, naye akapanda basi kwenda Dar es Salaam kwa msambazaji mmoja, ambaye jina lake halina kazi hapa. Msambazaji aliipenda, akasema ataitoa nchi nzima, ila aondoe zile dakika ambazo watu wanaingia tu na kutua kuni bila kusema neno, aondoe Kirundi na Kisukuma, na juu ya kasha iwekwe picha ya msichana na gari, ambavyo vyote viwili havimo. Alimwambia, "Mzee, watu wa mjini hawawezi kutazama kuni." Nestori akamjibu, "Basi naipeleka kwa wenye kuni," akachukua diski yake, akarudi kwa basi lilelile, na kuna watu katika kijiji hiki waliosema amepoteza bahati, na wapo hapa, na leo pia wamekuja na kuni, tunawashukuru.

Tangu hapo filamu ilitembea kwa magurudumu matatu. Alifunga jenereta, projekta, spika na ile shuka nyeupe aliyofunikwa, iliyokuwa sasa ndiyo ukuta wa kuonyeshea, kwenye pikipiki ya mizigo, akamchukua Bi Kija wa kusema Kisukuma kwenye maikrofoni, yeye mwenyewe akisema Kiswahili na Kirundi, wakaenda Kabungu, wakaenda Kasansa, wakaenda kwenye minada ya ng'ombe na viwanja vya shule, wazee wasiojua kusoma wakaisikia filamu kwa masikio yao. Kasansa, mfugaji aitwaye Malale alisimama katikati ya maonyesho akapaza sauti, "Rudisha nyuma! Yule dume mwenye baka ni wangu, nilimuuza akiwa na afya, mbona hapa amekonda?" na Masalu, aliyekuwepo, akamjibu, "Ameigiza," na filamu ikalazimika kuanza upya kwa sababu hakuna aliyesikia kitu kwa kicheko. Lakini kila mahali, ilipofika kwenye kuni, Nestori alizima maikrofoni, Bi Kija akazima yake, watu wakatazama majirani wakiingia mmoja mmoja, na hapakuwa na mtu wa kupiga mluzi.

Vijana wa maduka ya filamu mjini walipoinakili kwenye flashi bila kumwuliza, wakakata sehemu hiyohiyo ya kuni ili itoshe, marehemu hakwenda polisi, alikwenda dukani na nakala kamili, akaiweka mezani, akasema, "Kama mnaiba, ibeni yote," na wakaiba yote.

Mwezi Januari 2024 miguu yake ilianza kuvimba, akapimwa katika hospitali ya mkoa, ikaonekana figo zake zimechoka kwa shinikizo la damu ambalo hakujua analo, akapelekwa Mbeya, akaanza kusafishwa damu, akawa anakwenda na kurudi, na katikati ya safari hizo bado alionyesha filamu akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, mkewe na mama yake wakiwa pembeni.

Usiku huo hatujamaliza hata kupanga mabenchi, walikuja watu wenye heshima zao wakaishauri familia kwamba Nestori alijilaza kwenye mkeka wa msiba akiwa hai, akaliliwa, kifo kikamshika jina, na kwamba ili watoto wapone, filamu izikwe naye pamoja na shuka yake, na maonyesho aliyoahidi Kabungu yafutwe. Familia ilikaa. Baba yake mdogo, mzee Yohani, aliuliza swali moja tu, "Na Mwalimu Fredrick, aliyekataa mkeka, yeye ameambiwa ataishi milele?" Mwalimu Fredrick mwenyewe alikuwepo, akajibu kwamba hajapata barua hiyo, kisha akalia, akasema laiti angelala yeye.

Kwa hiyo majibu ya familia ni haya. Nestori ameuawa na figo na shinikizo la damu, daktari ameandika, nasi tunawaomba nyote mkapimwe. Katika jeneza hili hamna filamu wala shuka, amefunikwa shuka mpya aliyoshona mama yake. *Jirani wa Ng'ambo ya Kijito* itaonyeshwa Kabungu Jumamosi tarehe 20 Septemba kama alivyoahidi, Bi Kija atasema Kisukuma, Bi Aurélie atasema Kiswahili na Kirundi, na hakuna dakika itakayokatwa. Anayeogopa asije. Anayetaka kutuzuia, atukute uwanjani.

Na kuhusu zile kuni, jana alfajiri Bi Aurélie aliondoa bati mwenyewe, Mama Nyanzala, pamoja na uzee wake, akabeba kipande cha kwanza hadi jikoni, na uji mliokunywa leo asubuhi, na ugali utakaoliwa tukitoka makaburini, vimepikwa kwa kuni mlizotua hapa tarehe 19 Agosti 2021. Zilikuwa kavu, hazikutoa moshi. Waliosema hazina msiba wake, wamekwisha kula.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa na wa Mbeya waliomhudumia kwa upole, Padre na kwaya, Bwana Deusdedit aliyempa maikrofoni, waigizaji wote, wafugaji wa Kasansa waliosafiri tangu jana, wamiliki wa mabanda ya video waliofunga milango yao leo, na majirani, ambao kwa mara ya pili mmesikia kilio kutoka uwanja huu na, mkijua mlivyodanganywa mara ya kwanza, hamkuuliza, mmebeba kuni mkaja.

Nestori, mara ile uliinuka ukatukimbiza, leo tumekaa karibu nawe muda mrefu na hukuinuka, nasi hatukimbii. Pumzika kwa amani, shuka tunaibeba sisi.