Muzee Bashige na Transfoma ya Mia Moja

Wasikilizaji wapendwa, leo tuna jina moja tu. Honoré Bashige. Fundi umeme wa Majengo, hapa Goma. Mtoto wa wafugaji wa Masisi. Ametutoka akiwa na miaka hamsini na minane.

Transfoma ya avenue yetu ina kibao cha chuma: kVA 100. Mia moja. Huo ndio mzigo inaoweza kubeba siku zote bila kujipika. Kila Jumamosi muzee Bashige alikifuta kibao hicho kwa kitambaa, na kila aliyeomba kuunganishwa alitakiwa kukisoma kwanza. Mkewe, mama Philomène, anakumbuka: "Alikuwa anaambiaka batu, transfo ni sawa chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebaka muzigo. Haikatalake muzigo. Inavunjikaka tu, na wewe uko chini yake."

Nyumba zilikuwa sitini. Vita vikaleta ndugu kutoka Rutshuru, zikafika mia na arobaini. Jiko la umeme hapa, kinu cha mihogo pale. Jioni moja alipima: mzigo mia na sitini, kibao mia moja. Akasema basi. Akamkatalia hata dada yake wa tumbo moja. Tukamwita mchoyo. Inauma kulisema leo.

Fyuzi zinazoilinda transfoma mzigo ukizidi zikawa zinakatika kila jioni. Jirani yake Niyibizi, fundi wa kuchomelea vyuma, akatoa fyuzi, akaweka waya mnene wa shaba. Umeme haukukatika tena. Mtaa mzima tukashangilia, na hakuna aliyemwambia Bashige.

Jumanne, saa kumi na mbili jioni, transfoma ilianza kunguruma, mafuta yake yakichemka. Chini yake mama wanne walikuwa wanauza maandazi ya beignets. Bashige alikimbia, akawasukuma mmoja mmoja. Akamtoa na wa nne. Mafuta yakammwagikia yeye. Baada ya siku tatu, hospitalini, akakata roho.

Niyibizi alikuja hapa studio, macho mekundu. "Ile waya ni mimi nilitia," alisema. "Museme mu radio."

Matangani, vijana wa avenue ya pili walileta waya kutoka transfoma yao, ili mama apate taa na vipaza sauti. Philomène akawauliza: "Yenu, kibao yake inasema ngapi?"

Hakuna aliyejua.

"Basi murudishe waya yenu. Tutamulilia na mushumaa."

Pole sana, mama Philomène. Poleni watoto, na Mungu amupokee muzee wetu. Nanyi wasikilizaji, kesho mchana nendeni mkasome kibao cha transfoma yenu. Kisha mhesabu nyumba.