Mwalimu Rozalia na Ndama Mgeni Zizini

Mwalimu Rozalia Bartholomeo Kalinga, dada yangu, alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1962, Tosamaganga, akiwa mtoto wa pili kati ya sita. Mama alisema alizaliwa akipiga kelele, na sisi wadogo zake tunathibitisha kwamba hakuwahi kunyamaza. Mimi Samwel ndiye ninayesoma, na nawaambia mapema kwamba nina furaha kubwa kumsimulia mtu huyu, hata kama macho yangu yatasema vingine.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Tosamaganga hadi 1976, kisha sekondari mjini Iringa. Nyumbani kwetu watani zetu Wangoni walimsema baba waziwazi, hata misibani, naye akawarudishia maradufu, kisha wakala pamoja. Kwa hiyo Rozalia alikua akiamini kwamba kila kejeli ni utani. Imani hiyo ilikuja kumponza.

Alianza kufundisha Mlandege mwaka 1983. Tarehe 17 Septemba 1988 alifunga ndoa na Yotamu Mwalyego, bwana shamba kutoka Mbalizi. Shemeji alilazimika kuandika barua ya posa mara mbili, maana ile ya kwanza dada aliisahihisha kwa kalamu nyekundu akairudisha. Walijaliwa watoto wawili, Catherine na Charles.

Mwaka 2009 alihamia shule moja ya Usangu, akapewa darasa la pili. Humo alikuwamo Seni, mtoto wa Mzee Budeba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kutoka kaskazini. Kiswahili cha Seni kilikuwa na lafudhi ya kwao, na kila alipofungua mdomo darasa zima lilimlilia kama ng'ombe. Siku moja mtoto alimgeukia mwalimu kumtazama. Mwalimu naye akacheka. Akamwambia, "Zoea, mwanangu, huo ni utani tu."

Kesho yake Seni hakuja. Wiki ya tatu Mzee Budeba akatuma ujumbe kwamba kijana amechagua kuchunga, na mvua zikianza watahama naye.

Hapo ndipo dada alipolitambua kosa lake. Mtani hujibu, na mwisho wote hucheka. Seni alikuwa peke yake, hakuwa na wa kumjibia. Basi akakata maboksi ya sabuni, akayashona kwa sindano ya magunia, akachora kitabu kuhusu ndama mgeni zizini. Hakukitia maneno, maana nusu ya darasa walikuwa hawajajua kusoma. Alifungua ukurasa mmoja mmoja akiuliza, "Nani anacheka hapa? Na nani hacheki?"

Binti mmoja, Yunisi, akanyanyua kidole. "Ndama hacheki, mwalimu. Tunaocheka ni sisi."

Jumamosi alikipakia kitabu kwenye baiskeli, akaenda nacho hadi kwa Mzee Budeba, akamwomba Seni radhi mbele ya baba yake. Mtoto akapekua kurasa, akasimama kwenye picha ya mama ng'ombe.

"Mwalimu, ng'ombe gani huyu? Kiwele kiko miguu ya mbele."

Mzee Budeba alicheka mpaka akakohoa. Dada akasema, "Mimi Mhehe, najua mahindi. Njoo shule unichoree wewe." Jumatatu Seni alifika wa kwanza, kabla hata ya kengele. Ndugu zangu, kila nikifika hapa natamani kupiga makofi, na leo nisameheni nikipiga.

Vikafuata vitabu vingine kumi na sita: mtoto mfupi, mtoto wa kigugumizi, mtoto asiye na viatu. Wanafunzi wenyewe walichora, na shule za Mbalizi, alikomalizia kazi mwaka 2022, zilikuwa zikiviazima kwa foleni.

Novemba 2023 kiharusi kililegeza mkono wake wa kulia. Akahamia wa kushoto, na ng'ombe wake wakawa bora kuliko wa zamani. Aprili 2025 figo zikaanza kushindwa. Akatuagiza, "Mkiandika wasifu wangu, msifiche kwamba nilicheka." Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, hospitalini Mbeya, akiwa na miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, wadogo zake wanne na wanafunzi wasiohesabika.

Kuhusu lile agizo, tulibishana. Wengi tulisema mazishini si mahali pa kumtangazia marehemu kosa lake. Mwishoni Charles akampigia simu Seni, ambaye sasa anaendesha mashine ya kukoboa mpunga hukohuko Usangu. Seni akasema, "Someni, kaka. Waliocheka walikuwa wengi. Aliyekuja nyumbani kuniomba radhi ni yeye peke yake."

Tumesoma, dada. Mungu akupe pumziko lenye amani.